Mtoto wa Mwaka wa Saba Akae Skuli Gani?

Tangu Januari 2023, mtoto wa Kenya amalizaye mwaka wa sita katika skuli ya Serikali hafungi sanduku lake kwenda mbali. Hubaki pale pale kwenye kiwanja cha primary, ila huhesabiwa kuwa mwanafunzi wa sekondari ya msingi, kwa muda wa miaka mitatu.

Hapo kwanza ilikusudiwa watoto hao wahamie skuli za sekondari. Tume iliyoundwa mwaka 2022, chini ya Profesa Raphael Munavu, ilisikiliza maoni ya wananchi, na mwisho wa mwaka huo ikakatwa shauri wabaki. Mtoto wa miaka kumi na miwili ni mdogo mno kulala bweni moja na vijana wa miaka kumi na minane, na karo ingewashinda wazazi wengi. Sababu hizo ni njema, na mzazi ye yote aliyepata kumsindikiza mtoto kwenye basi, godoro kichwani, azifahamu.

Wazee watakumbuka kwamba daraja ya katikati si jambo geni. Kwa shauri la Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, elimu ya Waafrika iligawanywa miaka minne minne: primary, intermediate, kisha sekondari. Ubaya wake ulikuwa ule mtihani wa mwaka wa nne, uliowarudisha watoto wengi nyumbani wangali wadogo. Katika miaka ya 1960 primary ikawa ya miaka saba, na mwaka 1985 ikawa ya minane. Sasa daraja ya katikati imerudi, na mtihani wa kufukuza watoto haukurudi nayo. Hilo ni la kushukuriwa.

Lakini daraja hii imerudi bila nyumba yake. Ina masomo tisa, na kati yake mna sayansi na ufundi, hali skuli za primary zilijengwa kwa ubao na chaki tu. Mwaka 2023 skuli nyingi zilipewa mwalimu mmoja au wawili, hata aliyesomea Kiingereza akajikuta akifundisha hesabu na kilimo. Juu ya hayo, mkubwa wao ni yule yule wa primary, neno ambalo walimu hao wamelinung'unikia sana.

Wa kwanza wao waliingia mwaka wa kumi Januari 2026, wakatakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto ambaye hajapata kushika chupa ya maabara atajuaje kama sayansi yamfaa?

Kujenga maabara kila mahali kutachukua miaka mingi. Hata hivyo, mahali pengi pana sekondari jirani yenye maabara ambayo hukaa imefungwa Jumamosi. Kamati za wazazi zaweza kuanza na ufunguo huo muhula ujao, pasipo kungoja barua ya Wizara.