Kinoo cha wembe: Mnunuzi analipia jiwe au lebo?

KWA mkulima wa kawaida, kinoo ni jiwe lolote lenye ukakasi linalorudisha makali ya panga au mundu. Likiisha, linatafutwa jingine. Lakini wapo watu wanaolipa mamia ya dola kwa kipande cha jiwe kisichozidi ukubwa wa kiganja, na kazi yake ni moja tu: kunoa wembe wa kukunja wa kunyolea ndevu.

Soko la mawe hayo lipo zaidi Ulaya, Marekani na Japani. Huku kwetu vinyozi wengi wanatumia mashine na viwembe vya kutupa, jambo ambalo ni salama zaidi kwa afya ya wateja. Hata hivyo, biashara ya vinoo inamhusu yeyote anayeuza mali iliyotoka ardhini, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba mawe mawili yakitofautiana bei, si lazima yatofautiane kazi.

Wembe wa kukunja haunolewi kama panga. Unalazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vikigusa, kisha unasukumwa makali yakitangulia. Pembe ya makali imekwishapangwa na aliyeutengeneza, hivyo mkono wa mnoaji hauna la kuamua hapo. Kinachobaki ni chembe za jiwe. Zikiwa kubwa, zinaacha mikwaruzo ambayo ngozi ya uso itaisikia asubuhi.

Jiwe lenye sifa kubwa kwa kazi hiyo ni coticule, linalochimbwa Ubelgiji katika milima ya Ardennes, eneo la Vielsalm na Lierneux. Ni jiwe la rangi ya manjano hafifu, lililojaa vijiwe vidogo vya garneti ambavyo jicho haliwezi kuviona. Garneti ni ngumu kuliko chuma cha wembe, lakini umbo lake linakaribia duara, hivyo hukata bila kuchimba mikwaruzo mirefu.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye maji. Mnoaji husugua kinoo kwa kipande kidogo cha jiwe hilo hilo hadi litoke tope jeupe kama maziwa. Tope hilo lina garneti zilizoachia, nalo linakata haraka. Baadaye anaongeza matone ya maji kidogo kidogo, tope linakuwa jepesi, na ukataji unapungua hadi anamalizia kwenye maji matupu. Jiwe moja limefanya kazi ya mawe mawili au matatu.

Tatizo ni upatikanaji. Tabaka la coticule mara nyingi lina unene wa sentimeta chache tu, limebanwa katikati ya jiwe gumu la rangi ya bluu na zambarau. Kwa kuwa ni jembamba na huvunjika kirahisi, hugandishwa juu ya kitako cha sleti, lile jiwe la vibao walivyoandikia watoto wa shule zamani. Wembe wa Gillette wa kubadilisha viwembe ulipoingia sokoni mwaka 1903, soko la nyembe za kukunja lilianza kuporomoka, na vinoo vyake vikafuata. Uchimbaji huko Ubelgiji ulisimama kabisa kwa muda, ukaanza tena mwishoni mwa miaka ya 1990.

Lile jiwe la bluu nalo lina garneti, ila ni chache zaidi. Kwa muda mrefu lilichukuliwa kuwa kitako tu. Siku hizi linauzwa lenyewe kama kinoo, kwa bei ya chini sana kuliko mwenzake wa manjano. Linakata polepole, lakini linakata.

Ujerumani kuna hadithi tofauti. Mawe ya Thuringia ni sleti laini sana, mazuri kwa kumalizia tu, si kwa kurudisha makali yaliyokufa. Kampuni ya J. G. Escher & Sohn ya Sonneberg iliyauza yakiwa na lebo ya karatasi. Uchimbaji umekwisha, hivyo yanayouzwa sasa ni masalio ya makabatini na vinyozini. Lenye lebo hupanda bei mara kadhaa kuliko lisilo nayo, hata kama yote mawili yametoka kilima kimoja. Wembe hausomi lebo.

Japani nako, mawe ya kumalizia kutoka milima ya Kyoto, hasa ya mgodi wa Nakayama uliokwisha kufungwa, ndiyo ghali kuliko yote. Mihuri yake inatia shaka, maana muhuri unaweza kugongwa na yeyote.

Wamarekani wa Arkansas wamepata njia ya uaminifu zaidi. Jiwe lao la novakulaiti, karibu na Hot Springs, ni silika tupu kwa zaidi ya asilimia 99. Linatumiwa na mafuta, halitoi tope, na linachosha kwa uvivu wake. Lakini hupangwa kwa madaraja kufuatana na uzito wake kwa ujazo: kadiri jiwe linavyobana zaidi, ndivyo linavyomalizia vizuri zaidi. Kitu hicho muuzaji anaweza kukipima mbele ya mteja.

Kuna pia mawe ya kiwandani, yenye chembe za ukubwa unaojulikana, namba 1000 kwa kuanzia hadi 12000 kwa kumalizia. Hayatofautiani kama ya asili, na anayenoa nyembe za wateja kila siku ana sababu nzuri ya kuyachagua.

Kwa anayetaka jiwe moja la asili, coticule ndiyo inayorudisha fedha yake, na si lazima anunue kubwa. Vipande vilivyokatwa bila umbo maalumu huuzwa kwa bei nafuu kuliko vile vya mstatili, ingawa tabaka ni lile lile. Makali ya wembe yana urefu wa sentimeta saba hivi, na kipande chenye upana wa sentimeta nne kinatosha, mradi mnoaji auvute wembe kwa mshazari ili makali yote yapite juu ya jiwe.