Damu Isipate Pa Kutuama

Anayefukua mchanga wa mto mkavu upande wa Ndithini, huko Masinga, anajua mchanga hupenda kukaa wapi: nyuma ya jiwe, kwenye kona, popote maji yanapolegea. Mabwawa ya mchanga ya Ukambani yanategemea tabia hiyo. Ndani ya mwili, tabia hiyo huua. Tangu zama za Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, inajulikana kuwa damu inayotuama huelekea kuganda. Ndiyo maana naona kazi kubwa ya anayebuni pampu ya kusaidia moyo uliochoka si kupata nguvu za kusukuma, bali kuziba kila kona ambamo damu ingeweza kupumzika. Pampu ya HeartMate II ilisukuma vizuri tu. Ila rafadha yake ilishikiliwa na beringi zilizokaa ndani ya damu yenyewe, na madonge yakapata kituo. HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, haina beringi: gurudumu lake huelea kwa sumaku, njia za damu ni pana, na kila baada ya sekunde mbili kasi hubadilishwa ili pembe zisuuzike. Katika utafiti wa MOMENTUM 3, uliofuata wagonjwa 1,028 kwa miaka miwili, donge lilishukiwa au kuthibitishwa kwa asilimia 1.4 ya waliowekewa pampu mpya, dhidi ya 13.9 ya waliowekewa ile ya zamani.

Si wangeizungusha kwa kasi zaidi, basi? Mto wa mafuriko nao hubomoa kingo. Damu ikikwaruzwa mno, chembe nyekundu hupasuka, chembe za kugandisha huamka bila jeraha, na protini ndefu inayosaidia kuzuia damu kutoka hukatikakatika, mgonjwa akaanza kuvuja damu tumboni.

Pingamizi zito zaidi ni la bei: mtu wa Masinga atafaidi nini? Kwa pampu yenyewe, kwa sasa, kidogo sana. Lakini Kenya ina wagonjwa ambao homa ya rumatiki iliwaharibia vali za moyo, wakawekewa vali bandia za kaboni, nazo zinatii kanuni ile ile. Miaka ya 1990 vali ya Medtronic Parallel iliachwa ikiwa bado kwenye majaribio, kwa kuwa damu ilituama na kuganda kwenye bawaba zake. Wapo wasemao warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inatosha. Inasaidia, na hata mwenye HeartMate 3 huimeza. Ila mtumiaji lazima apimwe damu mara kwa mara, na anayemaliza siku nzima na nauli kufuata kipimo huishia kuruka miadi. Bawaba iliyochongwa vizuri huruhusu damu kidogo irudi nyuma kila vali inapofunga, ikajisuuza yenyewe, mgonjwa awe amefika kliniki au hajafika. Ingawa dozi bado haiachwi.