Kitshanga: Taa za rangi zinapendeza, lakini batri inalia

Kitshanga, katika usultani wa Bashali wilayani Masisi, nyumba na maduka mengi hutegemea pano ya sola na batri ya volti 12. Mwenye buveti au saluni anayetaka kupamba mlango wake kwa utepe wa taa zinazobadilisha rangi anapaswa kujiuliza kwanza: batri yangu itafika usiku wa manane?

Chipu inayojulikana zaidi katika tepe hizo ni WS2812B, ya kampuni Worldsemi ya China. Imefichwa ndani ya kila taa. Nguvu yake ni hii: waya mmoja tu wa data unatosha kuamuru taa zote, na kila taa inapata rangi yake, kati ya zaidi ya milioni 16. Ni kama watu waliopanga mstari wakipitishiana barua: kila mmoja anachukua ya kwanza, zinazobaki anampa jirani.

Lakini mmoja akianguka, barua haziendi mbele. Chipu moja ikikufa, taa zote zinazoifuata zinaacha kutii. Wengi hutupa utepe mzima, wakati fundi anaweza kukata taa mbovu kwenye alama na kuunganisha upya kwa risasi.

Shida kubwa ni umeme. Utepe wa mita 5 wenye taa 300, zote zikiwaka nyeupe kabisa, unaweza kuvuta ampea 18 kwa volti 5. Hiyo ni wati 90, sawa na ampule 10 za wati 9. Batri ya risasi ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu ili isiharibike, haifikishi saa saba. Tena, taa zikionekana zimezimwa, kila chipu bado inakula karibu miliampea 1.

Dawa ipo. Punguza mwanga hadi robo, tumia rangi badala ya nyeupe, na zima kabisa kwa swichi. Mwisho wa utepe ukiwa mwekundu-mwekundu, peleka umeme pande zote mbili.

Anayenunua upya aulizie WS2815: inatumia volti 12 na ina waya wa pili wa data, hivyo chipu moja ikikufa, zingine zinaendelea.

Mapambo ni mazuri, lakini yasizimishe ampule ambayo mtoto anasomea.