Trekta la Mjomba Juu ya Fuso

Dereva alilirudisha Fuso kinyumenyume mpaka bodi ikagusa ukingo wa udongo mwekundu pembeni mwa shamba. Akashuka, akachungulia, akapanda tena, akasogeza kidogo. Huku Karatu hatuhangaiki na ngazi za chuma za kupakilia trekta, tunatafuta ukingo. Lori likikaa bondeni na trekta likiwa juu, sakafu na ardhi vinakuwa sawa, na mzee wa tani moja na nusu anaingia kama anayeingia sebuleni kwake.

Mzee mwenyewe ni Massey Ferguson 35 la mjomba, lile jekundu la injini ya Perkins yenye silinda tatu. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1956 ikiwa ya rangi ya kijivu na dhahabu, na uzalishaji wake pale ukakoma mwaka 1964. Safari hii lilikuwa linakwenda Arusha kwa fundi. Utingo alirusha kamba ya katani juu ya boneti, akafunga fundo, akajipangusa mikono. Nilipomuuliza kama ndiyo imetosha, akacheka: "Kaka, dude zito namna hii litakwenda wapi?"

Litakwenda mbele, kwa mwendo uleule wa lori.

Imani kwamba uzito hujishikilia wenyewe ni ya watu wengi, na ina nusu ya ukweli. Mzigo ukiwa mzito, msuguano kati yake na sakafu huongezeka. Lakini nguvu inayotakiwa kuusimamisha nayo huongezeka kwa kiasi kilekile, na faida yote inafutika. Gunia la mahindi na jiwe la tani kumi, sakafu ikiwa ya aina moja na wepesi wa kuteleza ukiwa mmoja, vitaanza kuteleza kwenye breki ileile. Na gunia lina nafuu: halina magurudumu.

Handibreki je? Karibu matrekta yote ya zama zile yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Lori linapofunga breki ghafla, uzito wa trekta lililoelekea mbele hulalia magurudumu madogo ya mbele, na yale ya nyuma, yaliyotegemewa kushika, yanapunguziwa mzigo. Vuta handibreki, weka gia, piga kabari mbele na nyuma ya kila tairi. Fanya yote hayo, kisha lifunge kana kwamba hukufanya hata moja.

Ukitaka kujua unapambana na nini, geuza mwendo uwe kimo. Kitu kinachokwenda kilomita 60 kwa saa kina nishati sawa na kilichoangushwa kutoka mita 14, yaani kama ghorofa ya nne. Kwa kilomita 80 kimo hicho kinafika mita 25. Ongezeko la mwendo ni theluthi moja tu, lakini kimo kimekaribia kuongezeka maradufu.

Lililonishughulisha zaidi siku ile, hata hivyo, ni umbo la trekta lenyewe. Mambo yanayolifanya liwe hodari shambani ndiyo yanayolifanya liwe msumbufu barabarani. Chukua ekseli ya mbele. Haikukazwa imara, imening'inizwa kwenye pini moja katikati, icheze juu na chini kama mzani wa dukani, ili gurudumu moja lipande tuta bila kuinamisha mwili mzima. Maana yake ni kwamba trekta lina magurudumu manne lakini limesimama kwa nukta tatu: mbili za nyuma na ile pini. Lori likiyumba, mwili unaegemea upande hadi ekseli igonge kizuizi chake, na ukishafika hapo umekwisha pata kasi ya kuendelea kulala.

Mafundi wanaogawa trekta katikati ili kutengeneza klachi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hupigilia kabari za mbao kati ya ekseli na mwili. Tulifanya vivyo hivyo. Tukachonga vipande viwili vya mti, kulia na kushoto, tukagonga kwa nyundo mpaka pua ya trekta ikaacha kutikisika.

Wenye kupanda kwa ngazi nao wana habari yao. Trekta likipanda mteremko mkali kwa kutanguliza pua, na matairi ya nyuma yakagoma kusonga, nguvu ya injini haipotei. Hugeuza mwili kuizunguka ekseli, pua ikainuka na dereva akabaki chini. Kufikia pale pasiporudishika huchukua chini ya sekunde moja. Matrekta ya Fordson yalijipatia sifa mbaya kwa tabia hiyo, na Harry Ferguson alipobuni mikono mitatu ya kushikia jembe, alihakikisha jembe likikwama linaigandamiza pua badala ya kuiinua. Juu ya ngazi hakuna jembe. Kwa hiyo panda kinyumenyume, au vuta kwa winchi bila mtu kitini.

Turudi kwenye kufunga. Kanuni za Ulaya, Marekani na Australia zinakaribiana: vifungio vizuie mbele asilimia 80 ya uzito wa mzigo, nyuma na ubavuni angalau 50. Kwa kilo 1,500 za mjomba, kuelekea mbele ni nguvu sawa na uzito wa kilo 1,200. Cheni nazo huvuta kimshazari. Ikishuka kwa nyuzi 45 na kutanuka ubavuni nyuzi 45, nusu tu ya nguvu yake ndiyo inayolizuia trekta lisiende mbele. Cheni mbili zinazovuta kuelekea nyuma, basi, kila moja ihimili 1,200 peke yake. Kamba ya katani tuliifungia mbuzi.

Cheni za nyuma tulizipitisha kwenye mabomba ya ekseli, kwa sababu trekta hili halina chesisi. Injini, gia na difu vimeungwa kwa bolti vikawa uti wa mgongo mmoja. Ukiishika ekseli ya nyuma umeshika mwili wote. Usukani, tai rodi na mikono ya jembe havifungwi kitu. Bomba la moshi tulilifunika kopo, boneti tukaikaza kwa mkanda wa mpira.

Tulisimama Rhotia, kabla ya kushuka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu. Kituo hiki si cha chai. Trekta la zamani halina springi. Linachezea upepo wa matairi, na kila tuta linayabonyeza, cheni inalegea, ndoano inaanza kufikiria kuchomoka. Kweli, ya nyuma kushoto ilikuwa imelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili. Utingo akapanda na mtarimbo kuikaza, akaegemea tairi, kisha akatulia. "Kaka, njoo usikilize. Humu mna maji."

Nikampigia mjomba.

"Ndiyo mna maji," akasema, kama niliyemuuliza jina lake. "Pande zote mbili. Bila maji litashika vipi udongo?"

Zaidi ya lita mia kila tairi, na kila lita ni kilo. Mahesabu yangu ya asubuhi yalikuwa ya trekta la kitabuni. Utingo hakungoja niyarudie. Alikwisha teremsha cheni ya akiba kutoka kwenye kabati la zana. Dereva naye aliuliza jambo moja tu, kona za kule chini twende mwendo gani. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 30, kilomita 40 kwa saa husukuma mzigo ubavuni kwa asilimia 42 ya uzito wake. Kwa kilomita 30 inabaki kama robo. Nikamwambia 25. Akaweka gia ya pili, na foleni ya magari ya watalii ikaanza kujipanga nyuma yetu ikipiga honi.