Mtaalamu Katika Kiti cha Bodi: Kamati za Afya na Asasi za Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zina halmashauri nne: mbili za wilaya na mbili za mji. Kila halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya, na chini ya bodi hiyo kila zahanati, kituo cha afya na hospitali ya umma hupaswa kuwa na Kamati ya Usimamizi. Zipo pia hospitali za madhehebu ya dini, kama ile ya Mtakatifu Fransisko huko Kwamkono, na asasi za kiraia zinazohudumia yatima, watu wenye ulemavu na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vyombo vyote hivi havimgawii mtu faida, na vyote huhitaji watu wa kukaa mezani na kuvisimamia. Aghalabu viti hivyo hukaliwa na wenye taaluma fulani: mwalimu mstaafu, muuguzi, mhasibu, ofisa ugani, mwanasheria, karani wa shamba la mkonge. Ni watu wenye heshima yao, na wengi huitikia wito kwa moyo mweupe. Jambo wasilofundishwa chuoni ni namna ya kusimamia kitu ambacho si chao, kwa niaba ya watu wasiokuwapo mezani.

Uzito wa kazi hiyo umeongezeka hatua kwa hatua. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, matibabu katika vituo vya umma yalitolewa bila malipo. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga mwaka 1996, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2001. Hapo hoja ya kamati ilipata nguvu, kwa kuwa anayechangia ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, fedha nyingi ziliendelea kushikwa makao makuu ya halmashauri, na kamati ya zahanati ya kijijini ilibaki na machache ya kuamua. Badiliko kubwa lilikuja mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilipoanza kupeleka fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya moja kwa moja kwenye akaunti za benki za vituo. Zahanati yenye wahudumu wawili au watatu sasa ina mpango wake, bajeti yake, hati za malipo na taarifa ya robo mwaka. Kamati iliyozoea kushauri imekuwa kamati ya kuidhinisha.

Mtu angedhani kwamba dawa ya hali hii ni kuwaweka wataalamu wengi zaidi kwenye kamati. Ni kweli kwa sehemu tu. Taaluma humpa mtu jicho la kuona upande mmoja vizuri, na mara nyingi humfanya asiuone upande mwingine. Mhasibu akikaa kwenye bodi hukagua hesabu kana kwamba ameajiriwa kuziandika. Muuguzi mstaafu huingia wodini kuwaelekeza wauguzi waliopo zamu. Mwanasheria hutumia vikao vitatu kusahihisha katiba ya asasi, na huku watoto waliosajiliwa hawajapelekwa kliniki. Kila mmoja anafanya kile anachokijua, na kazi ya bodi yenyewe inabaki bila mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayofaa kutumiwa katika mafunzo. Zahanati moja inawasilisha taarifa ya robo mwaka. Bakaa ya mwanzo ni shilingi 1,850,000. Fedha zilizopokelewa kutoka Mfuko wa Pamoja ni 2,400,000, na makusanyo ya bima na malipo ya papo kwa papo ni 620,000. Jumla ni 4,870,000. Matumizi: dawa na vifaa tiba 740,000, safari na posho 1,280,000, ukarabati 785,000, usafi na shajara 300,000. Jumla ya matumizi ni 3,105,000, na bakaa ya mwisho ni 1,765,000.

Mwalimu wa hisabati aliyestaafu atajumlisha, atatoa, atakuta hesabu ni sahihi, naye atapendekeza taarifa ipokelewe. Hajakosea hata shilingi moja. Lakini mjumbe aliyefundwa ataomba kitabu kingine kiwekwe kando ya taarifa hiyo, yaani leja ya dawa. Tuseme leja inaonesha kwamba vidonge vya amoksisilini vya watoto, vile vinavyoyeyushwa katika maji na ambavyo ndivyo tiba ya kwanza ya nimonia kwa mtoto anayetibiwa bila kulazwa, vilikosekana kwa siku 19 katika robo hiyohiyo. Siku 19 mama alifika na mtoto anayepumua kwa shida, akaandikiwa dawa akanunue dukani, na muda wote huo akaunti ilikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu.

Sasa kikao kina jambo la kuzungumza. Je, oda ilipelekwa Bohari ya Dawa kwa wakati? Ikiwa Bohari haikuwa nayo, kwa nini zahanati haikununua kwa mshitiri wa mkoa, ambaye huteuliwa kwa ajili ya upungufu wa namna hiyo? Je, fedha zilikwama kwa sababu kamati yenyewe haikutimiza akidi ya kuidhinisha manunuzi? Safari zilizogharimu kuliko dawa zilikuwa za nini: kufuata chanjo, kupeleka taarifa wilayani, au kuhudhuria semina? Yamkini kila swali lina jibu zuri. Mganga mfawidhi anayehudumu mbali na barabara kuu hulazimika kusafiri, na nauli haina huruma. Kamati haiulizi ili kumshtaki mtu. Inauliza ili jibu liandikwe katika muhtasari wa kikao, na robo ijayo lilinganishwe na kilichotokea.

Mfano huo unaonesha mpaka ambao wataalamu huona ugumu kuuheshimu. Kupanga oda, kuhesabu vidonge na kumpangia muuguzi zamu ni kazi ya watendaji. Kuhoji kama mpango ulitekelezwa, fedha zilifuata mpango, na mgonjwa alipata alichostahili ni kazi ya kamati. Mjumbe anayeshika bomba la sindano ili kusaidia amevuka mpaka, hata kama anajua kuchoma sindano kuliko wote waliomo chumbani. Vivyo hivyo mganga mfawidhi, ambaye kwa utaratibu ndiye katibu wa kamati, asiifanye kamati kuwa muhuri wa maamuzi aliyokwisha kuyafanya peke yake. Katibu ndiye anayeandaa ajenda, ndiye mwenye nyaraka, na mara nyingi ndiye mwenye elimu ya tiba kuliko wajumbe wengine. Asipogawa nyaraka siku kadhaa kabla ya kikao, wajumbe watapiga kura juu ya karatasi walizozisoma kwa dakika tano.

Liko jambo ambalo miongozo hulitaja kwa haraka, nasi tunaona ndilo zito kuliko yote. Mjumbe wa kamati ya zahanati ni mgonjwa wa zahanati hiyohiyo. Mama anayewakilisha kitongoji chake anajua kwamba muuguzi atakayemhoji leo juu ya glavu zilizoisha ndiye atakayempokea binti yake siku ya uchungu. Kumwambia mama huyo awe jasiri hakumsaidii. Kinachomsaidia ni utaratibu: maswali yapitie kwa mwenyekiti na yawe maswali ya kamati nzima, leja ya dawa iwe ajenda ya kudumu katika kila kikao bila kusubiri mtu alalamike, na malalamiko ya wagonjwa yasomwe kutoka sanduku la maoni bila majina. Swali likiulizwa kila robo mwaka kwa kila mtu, halimtii doa aliyeuliza. Hapa mtaalamu ana nafasi ya pekee. Mwalimu mstaafu ambaye haogopi kuitwa mjuaji anaweza kubeba swali la yule asiyethubutu, mradi kwanza amsikilize.

Mgongano wa maslahi nao hauepukiki katika miji midogo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chanika au Manundu huenda akawa shemeji wa mjumbe, muumini mwenzake, au yeye mwenyewe ni mjumbe. Si dhambi kuwa na ndugu. Kinachotakiwa ni mjumbe kutamka uhusiano huo kabla mjadala haujaanza, atoke nje wakati wa uamuzi, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Katika mafunzo ni vyema washiriki waigize tukio hilo kwa sauti, maana maneno ya kusema mbele ya wazee wenzako kwamba una maslahi hayatoki mdomoni kwa urahisi mara ya kwanza.

Kwa asasi za kiraia sheria inaongeza mzigo wake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuwasilisha taarifa za mwaka kwa Msajili, na kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinayataka yale yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 kutangaza chanzo cha fedha hizo na matumizi yake. Mjumbe wa bodi anayedhani kwamba hilo ni jukumu la mratibu peke yake hajajua amekalia kiti gani. Na kuna kikwazo cha lugha: mikataba ya wafadhili huja kwa Kiingereza, na wajumbe huona haya kukiri kwamba hawakuielewa. Bodi ina haki ya kudai muhtasari wa Kiswahili kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Mafunzo ya siku moja hotelini, yenye chai, chakula cha mchana na bahasha, hayawezi kubeba haya yote. Kamati hudumu kwa kipindi cha miaka mitatu, hivyo kuna vikao vya robo mwaka vipatavyo kumi na viwili vya kujifunzia papo hapo kituoni. Mwezeshaji kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri, au mkufunzi wa chuo cha afya, anaweza kukaa pembeni katika vikao viwili vya mwanzo, akiwa na taarifa halisi za kituo hicho wala si mifano ya kigeni. Kikao cha kwanza wajumbe wajifunze kusoma taarifa ya fedha pamoja na leja ya dawa. Cha pili, kuandika muhtasari unaotaja nani atafanya nini na lini. Mjumbe mpya akae karibu na wa zamani. Wajumbe wasiojua kusoma vizuri wasomewe, kwani wao ndio huwa wa kwanza kujua dawa gani imekosekana, kwa kuwa wao ndio waliorudi nyumbani bila hiyo dawa.

Mgonjwa au mhudumu anayetaka kujua kama kamati ya kituo chake ipo hai anaweza kuanza na ubao wa matangazo. Atafute majina ya wajumbe na mwisho wa kipindi chao, tarehe ya kikao kilichopita, na taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyokwisha. Asipoviona, amuulize mganga mfawidhi, na kama hakupata jibu alipeleke swali hilohilo katika mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa, ambako mwenyekiti analazimika kulijibu hadharani.