Sarafu za Fedha za Marekani: Fahamu Thamani Kabla ya Kuuza

Sarafu kuukuu za fedha mara nyingi humfikia mtu kwa njia ya urithi, naye huziuza kwa mnunuzi wa kwanza anayejitokeza. Kabla ya kukubali bei yoyote, mlaji anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Thamani ya madini

Hiki ndicho kiwango cha chini ambacho mwenye sarafu halisi anapaswa kukifahamu. Dola ya Morgan, iliyotengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, ina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 ya uzito huo ni fedha. Kwa hiyo ina takriban gramu 24 za fedha halisi. Aunsi inayotumika kupimia madini ya thamani ni gramu 31.1, zidisha bei ya aunsi ya siku hiyo kwa 0.77 upate thamani ya fedha iliyomo. Tuseme aunsi ni dola 30: fedha hiyo ina thamani ya dola 23 hivi. Sarafu za senti 10, 25 na 50 za matumizi ya kawaida zilizotengenezwa kabla ya 1965 katika karne ya 20 nazo zina asilimia 90 ya fedha.

Uhaba

Umri peke yake hauipandishi sarafu thamani. Dola za Morgan zilizotengenezwa San Francisco mwaka 1881 zilizidi milioni 12, lakini zile za 1893 za mji huohuo zilikuwa 100,000 tu, nazo hutafutwa sana. Tazama mwaka upande wenye sura, kisha geuza sarafu utafute herufi ndogo chini ya shada la majani: S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City, na D ni Denver. Isiyo na herufi kwa kawaida ilitengenezwa Philadelphia.

Hali ya sarafu

Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa madaraja ya 1 hadi 70. Sarafu ambayo haijalika huweza kuwa na bei mara nyingi zaidi ya mwenzake iliyochakaa. Usiisafishe wala kuisugua: mng'aro wa asili ukiondoka haurudi, na bei hushuka. Ishike kwenye ukingo.

Udanganyifu

Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu inayonasa ni bandia. Hata hivyo, kutonasa si uthibitisho, kwani zipo bandia za metali nyingine. Wapo pia wanaobandika herufi S kwenye dola ya 1893 isiyo nayo. Sarafu inayodhaniwa kuwa adimu ipelekwe kwa taasisi huru ya uthibitishaji, kama vile PCGS au NGC. Kwa kuwa huduma hiyo hulipiwa, haina faida kwa sarafu ya kawaida.

Wakati wa kuuza

Pata bei kutoka kwa wanunuzi wasiopungua watatu, na uliza kila mmoja kama anakadiria uzito wa fedha au thamani ya ukusanyaji. Usiache sarafu kwa mtu bila stakabadhi inayotaja mwaka, herufi na idadi yake. Anayekuhimiza uamue papo hapo, mwache: sarafu iliyodumu zaidi ya miaka mia inaweza kusubiri wiki moja zaidi, lakini ikishayeyushwa hairejeshwi.