Saratani ya Kongosho: Kabla ya Kuuza Kihamba
Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na saratani yake aghalabu hujitokeza ikiwa imekwisha kuenea: macho ya manjano, maumivu yapenyayo hadi mgongoni, mwili kukonda. Ikishafika kwenye ini, kwa kawaida upasuaji wa kuiondoa haufai tena. Hapo ndipo familia huku Machame huanza kunong'ona juu ya kuuza kihamba ili mzee apelekwe India.

Tunawasihi muulize kwanza: dawa hizo zitaongeza nini? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kwa mchanganyiko wa dawa nne, nusu ya wagonjwa waliishi miezi 11 au zaidi. Kwa gemsitabini pekee, takriban 7. Nao walikuwa wagonjwa wenye nguvu bado. Dripu za saratani hutolewa KCMC, hapa hapa Moshi. Njia ya nyongo iliyoziba huweza kuwekewa mrija, muwasho ukatulia. Mofini ya maji hupunguza maumivu, wala si kileo cha anasa, bali dawa ya dharura.

Na mgonjwa mwenyewe aambiwe. Mwenye deni, mwenye amana, mwenye nia ya kuusia ndani ya theluthi ya mali yake, anazihitaji siku hizi akili yake ingali timamu.